Nusu ya Habari ya Agnetha

Kila Jumamosi asubuhi mtaa wetu hapa Ifakara huamshwa na mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Valeriani. Wanawake hufika wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia, kisha hukaa kwenye benchi kusubiri zamu zao. Vumbi la pumba huwapaka nyusi nyeupe, hata wasichana wadogo wakafanana na mimi bibi yenu.

Juu ya mlango wa mashine Mzee Valeriani ametundika spika. Mwanzoni aliitumia kuwaita wateja tu: "Mama Obadia, mchele wako tayari!" Baadaye watu wakaanza kumwomba awatangazie mambo yao: mbuzi aliyepotea, siku ya chanjo, msiba, mkutano wa mtaa. Mzee Valeriani ana sauti ya kukwaruza kama mlango mbovu, kwa hiyo akamwomba mjukuu wangu Brigitha amsaidie.

Brigitha alikuwa darasa la sita. Alisoma vizuri, bila kumeza maneno, na sauti yake ilipita juu ya mngurumo wa mashine. Watu walimwita Mtangazaji. Akipita njiani na ndoo ya maji, wazee walimwuliza, "Mtangazaji, habari za leo?" naye alitembea kama ndoo ile haina uzito.

Mwaka huu ikaja habari kubwa. Bwawa la kuogelea la kituo cha vijana lilikuwa linafunguliwa tena.

Bwawa hilo lilikauka kabla Brigitha hajazaliwa. Pampu iliharibika, na likabaki shimo kubwa la vigae vya bluu. Sisi wanawake hatukuliacha likae bure, tulianikia mpunga ndani yake. Vigae vilishika joto, mpunga ukakauka upesi, na mbuzi hawakuweza kushuka. Watu wa ukarabati walipokuja, walikuta mpunga umeota kwenye pembe moja, umefika magotini. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini.

Marehemu mume wangu, Kelestini, alikuwa mlinzi wa kituo kile. Alikuwa akimbeba Brigitha mabegani, wakizunguka bwawa kavu, akimwambia, "Siku maji yakirudi, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuingia." Brigitha hakuisahau ahadi hiyo. Babu yake alipofariki, aliishika kama urithi.

Jirani yetu ni Justa, mwanamke mpole anayeuza vitumbua asubuhi. Mwanzoni mwa mwaka alimpokea Agnetha, binti wa dada yake, kutoka kijiji cha Mofu, aje asome hapa mjini. Agnetha alikuwa na umri sawa na Brigitha. Baba yake ni mvuvi, na mtoto huyo alijua maji kabla ya kujua kusoma. Wasichana hao wawili walipatana tangu siku ya kwanza. Waliosha vyombo pamoja, walisuka nywele pamoja, na siri zote za dunia walizimaliza uani kwangu, kati ya masufuria.

Pampu mpya ilipofungwa na maji safi ya kisima kirefu kujazwa, Mwalimu Osward wa kituo cha vijana aliwaita watoto.

"Siku ya ufunguzi," alisema, "mtoto mmoja ataogelea kutoka upande huu mpaka ule, peke yake, wazazi wote wakitazama. Wakiona mtoto mwenzao anaweza, hata waoga watakubali watoto wao wajifunze. Nani anajua kuogelea?"

Brigitha aliinua mkono upesi. Alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wote kwamba anajua. Lakini aliposimama ukingoni na kuona maji yakimetameta chini ya vidole vyake, miguu ilimgoma.

"Mwalimu, tumbo linaniuma," alisema.

"Basi kaa kivulini kidogo. Nani mwingine?"

Agnetha aliingia bila kurusha hata tone. Alikata maji polepole, akafika upande wa pili, akageuka na kurudi. Watoto walipiga kelele. "Samaki! Samaki wa Mofu!"

"Tumempata," alisema Mwalimu Osward.

Agnetha alitoka majini akitiririka, akaenda moja kwa moja kivulini. "Tumbo limepoa?" aliuliza. Kisha akainama na kunong'ona, "Kama hujui, nitakufundisha. Si vigumu. Ukiacha kuyapiga maji, yanakubeba."

Alisema kwa wema. Lakini wivu ukishaingia moyoni, hata wema huonekana kama dharau. Brigitha aligeuza uso.

Tangu siku ile nyumba yangu ilipoteza kicheko. Watoto walimfuata Agnetha shuleni na sokoni. Kijana mmoja mtundu, Vitus, alimkejeli mjukuu wangu njiani: "Mtangazaji, tutangazie basi, wewe utaogelea lini? Au mpaka tumbo lipone?" Usiku Brigitha alijigeuza kitandani. Alijiambia kwamba bwawa lilikuwa la babu yake, kwamba Agnetha alikuja juzi tu amepakiwa kwenye baiskeli ya mkaa, na tayari amechukua kila kitu.

Ijumaa moja jioni Justa alikuja na suruali ya michezo iliyochakaa. "Mama, nisaidie kuifupisha, Agnetha apate ya kuogelea siku ya ufunguzi." Nilikaa kwenye mkeka nikaishona, na Agnetha akakaa kando yangu akinishikia uzi. Nilimwambia, "Utapendeza, binti yangu." Brigitha alikuwa mlangoni. Alitazama sindano yangu ikipanda na kushuka, kisha akaingia ndani bila kula.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda mashineni kama kawaida. Alisoma habari ya bata wa Mzee Alphonce waliopotea. Alisoma siku ya kliniki ya watoto. Halafu akavuta pumzi, na maneno haya yakatoka kwenye spika:

"Wazazi mnatahadharishwa. Mtoto atakayeogelea siku ya ufunguzi, aliyetoka Mofu, ana kichocho. Anakojoa damu. Wazazi muwe macho na watoto wenu."

Mama Obadia, ambaye hana siri wala breki, aliruka kutoka kwenye benchi. "Maria mtakatifu! Watoto wetu waoge kwenye mikojo ya damu? Wangu hawaingii!"

"Na wangu haingii," alisema mwingine.

"Huyo si ndiye anayemchotea Justa maji ya vitumbua?"

Hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti ndogo, lakini ndilo lililokwenda mbali.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Justa penye kona yake. Siku nyingine, jua likichomoza, beseni lake huwa tupu. Siku hiyo vitumbua vilikuwa vimejaa, vimeanza kupoa na kusinyaa. Watu walipita wakimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, dada," kisha wakavuka barabara kununua mihogo. Mwalimu Osward naye alikuwa amepita kumwambia kwamba wazazi wamemjia juu, na ufunguzi umesogezwa mbele mpaka mambo yatulie.

"Mama," Justa aliniambia bila kuinua macho, "nadhani Agnetha arudi kwa baba yake. Jumamosi kuna gari la Mofu. Hapa hawatamwacha apumue. Nami nitaishi kwa kuuza nini?"

Nilichukua vitumbua vyote, nikavifunga kwenye kanga yangu, nikarudi navyo nyumbani. Nilivipanga kwenye sinia mbele ya Brigitha.

"Kula," nikamwambia.

"Vyote, Bibi?"

"Hakuna mwingine wa kuvila. Mtaa mzima umevikataa."

Alikata kipande, akakitia mdomoni, kikakataa kushuka. Nilimpa maji. Nilikuwa nimesikia habari za spika tangu Jumamosi, lakini nilitaka kuzisikia kwake.

"Ile habari ya Agnetha nani alikuletea uisome?"

"Watu wanasema, Bibi."

"Watu gani?"

Alitazama sinia. "Lakini si uongo! Aliniambia mwenyewe, tulipokuwa tunaosha vyombo. Alisema alikuwa anakojoa damu, kule Mofu."

"Alikuwa. Halafu?"

Alikisukuma kitumbua kando kwa kidole.

"Brigitha, alipokuambia habari hiyo, aliishia hapo?"

Machozi yalianza. "Alisema alipewa dawa. Akapona. Ni zamani, alipokuwa darasa la tatu."

"Basi alikupa habari nzima. Hiyo nusu nyingine uliiacha wapi?"

Mjukuu wangu alilia, mimi nikamwacha alie. Hakuna mtu anayeosha sufuria lililoungua bila kulilowesha kwanza. Alipotulia alisema, kwa sauti ambayo spika ya Mzee Valeriani isingeweza kuikamata, "Babu alisema mimi ndiye nitakuwa wa kwanza. Na hata wewe, Bibi, ulimshonea yeye."

Nikamvuta nikamweka mapajani, ingawa miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yangu.

"Nilimshonea yeye kwa sababu ndiye aliyeniomba. Ungeniomba, ningekushonea wewe pia. Uzi wangu haujaisha, wala upendo wangu. Moyo wa bibi si kama beseni la vitumbua, kwamba mwenzako akichukua kimoja, chako kinapungua."

Akajipangusa uso. "Nichape, Bibi, yaishe."

"Fimbo itakuumiza wewe, haitamsaidia Agnetha. Simama twende."

Tulimkuta Agnetha akikunja nguo zake. Ile suruali niliyoifupisha aliiweka kando, juu ya kiti, kama kitu cha kurudisha. Brigitha alipiga magoti mlangoni.

"Dada Agnetha, ni mimi. Nilisema kwa wivu. Nisamehe."

Agnetha aliweka nguo chini. "Najua ni wewe," akasema. "Nilikuambia wewe tu. Hata mama mdogo nilikuwa sijamwambia."

Kauli hiyo ilimchoma Brigitha kuliko fimbo yoyote.

"Nimekusamehe," Agnetha aliendelea, "lakini hata nikikusamehe, nani atanunua vitumbua?"

Nikamtazama mjukuu wangu. "Umesikia? Ulichokisema kwenye spika huwezi kukifuta kwa kunong'ona jikoni. Kilitokea mashineni, kitarudi mashineni."

Brigitha aliutazama mkeka. "Watu wote watanicheka."

"Watakucheka. Kisha watakwenda kula wali wao. Lakini Agnetha akipanda gari la Mofu, hatarudi."

Kesho yake tulikwenda zahanati, sisi na Justa na Agnetha, kumwona Mganga Abdulkarim, mtu wa taratibu anayemsalimia hata mtoto mchanga kabla ya kumdunga sindano. Alipima mkojo wa Agnetha, akachungulia kwenye darubini, akatabasamu.

"Safi kabisa. Hana kichocho." Kisha akamgeukia Brigitha. "Na wewe utapimwa. Nani asiyekanyaga majaruba ya mpunga hapa bondeni?" Brigitha naye alikuwa salama. Mganga alinawa mikono. "Jumamosi nami nitakuja mashineni. Wazazi wana haki ya kuogopa ugonjwa, lakini waogope kitu sahihi."

Jumamosi ilifika. Benchi zilijaa, magunia yalipangwa mpaka barabarani, maana ulikuwa msimu wa mavuno. Justa alikuja na beseni lake, na Agnetha nyuma yake akiwa na mfuko wa nguo, kwa sababu gari la Mofu lingeondoka mchana. Brigitha alishika maiki kwa mikono miwili. Mdomo ulifunguka, lakini mashine ilinguruma na sauti yake ikazama ndani yake.

Mzee Valeriani alimtazama. Hajawahi kuzima mashine Jumamosi, hata siku mwanawe alipooa. Alikwenda polepole mpaka kwenye injini, akaivuta swichi. Mngurumo ukafa. Pumba zikatua. Tulisikia hata baiskeli ikilia cheni mbali barabarani. Alirudi akasimama nyuma ya Brigitha na kumwekea mkono begani. Wema ule sitausahau.

"Habari niliyoisoma Jumamosi iliyopita," Brigitha alianza, "haikuletwa na mtu yeyote. Niliitunga mimi. Agnetha aliugua zamani, akapewa dawa, akapona. Aliniambia yote, mimi nikasema nusu. Nilimwonea wivu kwa sababu anajua kuogelea. Mimi sijui. Nilidanganya kwamba najua. Naomba mnisamehe. Na msimwadhibu mama Justa, hakukosa kitu."

Vitus, aliyekuwa amekalia gunia, alifungua mdomo kusema jambo, mama yake akamfinya.

Mganga Abdulkarim alichukua maiki. "Ndugu zangu, kichocho hakimrukii mtu kutoka kwa mwenzake, wala hakipiti kwenye kitumbua. Mgonjwa akikojoa mtoni au kwenye mfereji, mayai ya ugonjwa huingia majini. Vijidudu hukua ndani ya konokono wadogo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua humo. Bwawa la kituo linajazwa maji ya kisima kirefu, linatiwa dawa ya klorini, wala halina konokono. Kama mnataka kuogopa, ogopeni mfereji ule ambao watoto wenu walikuwa wanaogelea jana. Mtoto akikojoa damu, mleteni mapema. Dawa ipo. Kuugua si aibu. Agnetha alitibiwa akapona, na hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Watu walitazama chini. Mama Obadia ndiye aliyesimama kwanza. Alijipangusa pumba usoni, akaenda mpaka kwenye beseni la Justa, akachukua kitumbua na kukiuma mbele ya watu wote, huku mashavu yakivimba.

"Justa, nisamehe, dada yangu," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Mdomo wangu huu bora uwe na kazi ya kula. Nifungie na vya watoto."

Wakacheka. Kicheko kile kiliwafungua wengine, na haukupita muda beseni likaonyesha chini. Agnetha aliuweka mfuko wa nguo sakafuni. Gari la Mofu lilipita likapiga honi, na hakuna aliyelisimamisha.

Bwawa lilifunguliwa Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Waislamu na Wakristo tulijipanga kando ya maji, watoto wakiwa kimya kama wapo kanisani. Mwalimu Osward alimkabidhi Brigitha maiki. "Mtangazaji, fanya kazi yako."

Nilimwona akimtazama Agnetha. Wivu haufi siku moja, wajukuu zangu. Nilijua ulikuwa bado unamtekenya. Lakini alinyoosha shingo akasema kwa sauti kubwa, bila kumeza neno, "Wazazi na wageni wetu, wa kwanza kuingia majini ni Agnetha, wa Mofu na wa mtaa wetu!"

Agnetha aliingia akiwa na suruali niliyoishona. Maji yalimpokea. Alipofika upande wa pili, makofi yaliwarusha njiwa wote wa paa la kituo, na nikamwona Brigitha ameweka maiki chini ili apige makofi kwa mikono yote miwili.

Watoto wengine waliingia upande wa kina kifupi, wa Mama Obadia wakiwa mbele. Brigitha alivua kandambili. Agnetha alimshika chini ya tumbo, akamwambia, "Acha kuyapiga. Yaache yakubebe." Mjukuu wangu alikunywa maji, akakohoa, akajaribu tena. Kufikia jioni alikuwa ameelea, kidogo tu, kama jani la mpunga.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Bibi, Babu atakasirika? Sikuwa wa kwanza."

"Babu yako alitaka uyapende maji yale," nilimjibu. "Hilo la kuwa wa kwanza alilisema kwa sababu alikupenda wewe. Mwenzako akiwa wa kwanza, wewe hupungukiwi na kitu. Ila ukimvuta mwenzako chini ili upande, mnazama wote. Na neno la mtu, hasa mtu ambaye watu wanamwamini, ni kama mpunga: kulimwaga ni rahisi, kuliokota punje kwa punje ndiyo kazi. Ukitoa habari ya mtu, itoe nzima, au usiitoe kabisa."

Alinishika mkono njia yote.

Jumamosi iliyofuata mashine iliunguruma kama kawaida. Mama Obadia alikuja mbio, kanga ikimponyoka. "Mtangazaji, andika hii! Bata wa Mzee Alphonce wameonekana ndani ya uzio wa jirani yake Agapiti. Tangaza, Agapiti mwizi!"

Brigitha hakuishika kalamu. Alimtazama kwa adabu, akauliza, "Na nusu nyingine ni ipi, Mama Obadia?"

Mama Obadia akatafuna mdomo. "Basi... labda waliingia wenyewe. Uzio wake umetoboka."

"Hiyo ndiyo nitakayoisoma," alisema Brigitha, na akavuta maiki.